Jino la Wageni

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja ya meno hapa Eldoret, mvua ikinong'ona kwenye mabati na harufu ya karafuu ikinibembeleza nilale. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikuwa mama mmoja kutoka Soy, aliyezibwa meno mawili kwa ajili ya utafiti: kushoto dawa ya kawaida, kulia dawa mpya, ili ijulikane ipi inadumu.

"Mama, hii ya kulia iko kama imewekwa jana!" daktari alifurahi. "Haijalika hata kidogo."

"Italikaje? Sijaitumia."

"Hujaitumia?"

"Daktari, kitu mpya hivyo? Naiwekea Krismasi, watoto wakija." Akashika shavu la kulia polepole, vile mtu hushika kikombe cha kabatini.

"Na mahindi choma?"

"Hiyo ni kazi ya kushoto."

Daktari aliweka kioo chini. Nami nikafumba macho, nikaviona vikombe vya maua ambavyo mama yangu aliwatunzia wageni miaka yote. Siku tuliyovinywea chai kwa mara ya kwanza ilikuwa ya matanga yake.