Redio Juu ya Meza ya Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu vipimo vyote vya kahawa kwa rumba. Niliweka redio yangu juu ya meza ileile ya mizani nyeti, ile inayopima hadi uzito wa punje moja, nikafungulia, nikaanza kazi. Besi ikanguruma, meza ikatetemeka, sindano ikacheza. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne tuliandika kila ilichosema sindano.

Mkuu wa Maabara alisoma daftari, akanitazama juu ya miwani.

"Kwa hiyo kahawa hii imekaushwa, ikaongezeka uzito?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kijana, umepima besi. Anza upya."

Mnaosoma sayansi leo msidhani watu wa maabara walikuwa mabubu. Kazi yetu Mbinga ilikuwa kutafuta unyevu, yaani maji yaliyobaki kwenye punje: unapima kahawa, unaikausha kwenye oveni, unaipima tena, kilichopungua ndiyo maji. Mkuu alikuwa mtu wa kwaya. Akikokotoa alivuma sauti ya nne ya nyimbo za misa, na akikosea hesabu sauti iliteleza, tukajua kabla yake. Mama wa Udongo, kama tulivyomwita mpima udongo wetu, Mnyasa wa Ngumbo, alichekecha udongo kwa mapigo ya kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani.

"Wewe Mmatengo wa milimani," alinitania, "rumba yako ni ya kukalia. Kioda inataka magoti."

Hakukosea. Ukumbi wa dansi sijaingia hadi leo. Rumba yote naijua kutoka kitini. Hata waliponihamishia Mbamba Bay, kule ziwani, nilirudi baada ya miezi mitatu, nikisingizia joto. Kweli yenyewe, nilikikumbuka kiti changu.

Lakini mizani ikiguswa, sote tulinyamaza, hata kwaya. Hiyo ilikuwa sheria, na chanzo chake mnakijua.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda milimani na magari yenye spika, muziki wa kuita watu. Mmoja wao aliikataa kahawa ya kikundi cha jirani yangu, Mzee Kapinga, akisema bado ni mbichi, haijakauka. Mavuno ya mwaka mzima yalikuwa chini pale penye gari la mnunuzi, na mawingu yanakusanyika. Kapinga alikuja maabara hajavaa hata kofia. Mkuu akanituma nikahakiki kipimo.

Nilimkuta karani wa mnunuzi amepanga jiko dogo na mizani juu ya boneti ya gari, na juu ya gari spika inapiga wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote za maisha yangu. Nikasimama nikisikiliza, nakiri. Kisha nikaitazama sindano. Ilikuwa inacheza rumba.

"Zima muziki," nikasema.

"Mzee, muziki na kahawa vinahusiana nini?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa hilo. Zima, upime upya mbele ya wenye kahawa hawa."

Kundi zima likamkazia macho. Akazima. Sindano ikatulia kama mtu aliyeketi. Akapima, akakausha, akapima tena, akarudia mara mbili bila mtu kumwambia. Kahawa ilikuwa kavu, na alitamka mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Akina mama wakapiga vigelegele, magunia yakapakiwa kabla ya tone la kwanza la mvua. Mkuu alipopata habari hakunisifu. Alivuma wimbo wa Pasaka hadi jioni, na haikuwa Pasaka.

Nimestaafu sasa. Wengine wana nishani. Mimi nina redio ileile, kiti kilekile, na ushindi mmoja ambao nimeusimulia kwa kila aliyepita barazani. Juzi nilikuwa namsimulia mgeni, redio ikisindikiza, nikaongeza sauti pale kwenye sindano ili anielewe vizuri. Mzee Kapinga akatoa kichwa juu ya ua.

"Kahawa yangu uliiokoa, sikatai," akasema. "Lakini siku ile ulijua muziki unazimwaje. Zima."