Kitanzi cha Upanga wa Baba

Upanga wa baba haukuwa na makali hata ya kukatia jani la mgomba, na majirani zetu wa Kibosho walimtania sana kwa hilo. Ulikuwa upanga wa gwaride, alioruhusiwa kubaki nao alipostaafu jeshini. Aliutundika sebuleni, juu ya kochi analopenda kukalia mama.

Mimi ni fundi wa ngozi Majengo, nashona mikanda na mabegi. Mwaka mmoja kabla hajafariki, baba aliniletea upanga ule nimshonee kitanzi kipya cha mkononi. Alinielekeza kwa ukali, kama vile nami ni kuruta wake. Ngozi inapita kwenye tundu la kinga ya mpini, inakunjwa kuwa kitanzi, mwishoni kunaning'inia kishada. Katikati kuna kipete cha ngozi. Unaingiza mkono, unasukuma kipete mpaka kitanzi kibane kifundo cha mkono. Vidole vikilegea, upanga unaning'inia, hauanguki. Ukimaliza unakirudisha nyuma, la sivyo ngozi inakakamaa. Nilimpima mkono wake mnene, nikashona.

Tulipomzika, nilianza kumsihi mama ahamie kwangu Soweto, huku mjini. Kila nikipanda Kibosho kumsalimia, nilikuta kitanzi kimekazwa. Nakilegeza, nikirudi, kimekazwa tena. Kwanza hasira zilinipanda, nikawalaumu watoto wa jirani. Mama akasema hakuna mtoto anayeingia humo. Hapo nikaogopa, na sioni haya kusema niliogopa.

Mwishowe nilikodi gari nikamchukue, atake asitake. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Dereva alipoanza kupakia vitu, mimi nikaushusha upanga. Kitanzi kilikuwa kimebana hata mkono wangu usingepita, sembuse wa baba.

"Mama, nani anakaza hiki kitu?"

Alikuwa amekaa kwenye kochi lake, khanga mabegani.

"Baba yako."

"Baba si tumemzika, mama?"

"Najua. Nilikuwepo. Nikisinzia hapa, ananishika mkono. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Siku hizi nisiposhikwa ndiyo naogopa. Usinipeleke mjini, mwanangu. Huko atanipatia wapi?"

Nikamwambia ni upweke tu huo, mjini atazoea. Huku nasema, nikavuta kipete nikilegeze. Kikagoma. Nikakaza meno, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Mama akaguna, akaukumbatia mkono wake wa kulia kifuani.

"Polepole, mwanangu. Unaniumiza."

Nikaenda kuuangalia mkono ule. Kifundo kilikuwa kimezungukwa na mstari mwekundu, na pembezoni mwake vitobo vidogo vimejipanga. Mshono wangu naujua popote nitakapouona.

Nikautundika upanga ukutani vilevile ulivyokuwa, nikatoka nje kumwambia dereva ashushe godoro.