Uzi wa Mama Zena

Mimi ni fundi wa mawe, Mkristo kutoka Bungoma, na sikuwahi kuwa na haja ya kujua Makka iko upande gani. Niliitwa Naivasha kujenga msikiti mdogo wa wafanyakazi wa maua. Mwenyekiti wao, Shaban Omolo, aliweka simu yake juu ya kontena letu la simiti, akasoma kibla kwa dira yake, nami nikavuta uzi nikachimba msingi siku tatu. Halafu Mama Zena akapita.

Jina lake ni Zainabu Jerotich. Miaka kumi na minne amechambua waridi mashambani, na jicho lake hukamata shina lililopinda kabla mimi sijaliona ua lenyewe. Alisimama akatazama mtaro wangu, akatazama kaburi la mumewe nje ya uzio, akarudi kwenye mtaro.

"Fundi, hii imepinda."

Mimi, kupinda! Nilimpimia pembe zote nne kwa hasira.

"Pembe ziko sawa," akasema. "Ni yote imepinda."

Akanieleza. Mwislamu hulazwa kaburini kwa ubavu, uso ukielekea kibla, na ukuta wa mbele wa msikiti huelekea huko huko. Kaburi na ukuta vilipaswa kwenda sambamba, na havikwenda.

"Basi kaburi ndilo lina makosa," akasema Omolo, aliyekuwa amesogea kusikiliza.

Hapo uso wa mama ulibadilika. Mumewe, Guyo, alikuwa Mborana aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Isiolo, akitembea usiku kwa nyota. Alipofariki mwaka jana, mama mwenyewe ndiye aliyetoka nje usiku wa msiba akapiga vigingi vya kaburi kwa nyota hizo hizo. Kama simu ilikuwa kweli, basi amemlaza mumewe vibaya mwaka mzima.

"Lakini mama, kupotoka kidogo si kunasamehewa?" Omolo akauliza, sasa kwa upole.

"Kwa asiyejua. Mimi nataka kujua."

Zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Asubuhi tulimkuta ndani ya mtaro, juu ya stuli, blanketi begani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, akae pale hadi nyota zionekane.

"Mama, toka nimwage."

"Mwaga."

Sikumwaga. Mawingu ya Juni yalikuwa yamefunika kila kitu kuanzia Longonot hadi ng'ambo ya ziwa, na usiku huo nyota hata moja haikuonekana. Nilinuna, kisha nikamletea chai. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Omolo alifoka hadi akachoka, na mama akasali Adhuhuri pale pale, akielekea anakojua yeye.

Usiku wa tatu, baada ya Isha, upepo ulifagia mawingu. Akaniita nije na timazi, uzi wenye kizito cha kupimia wima, akanionyesha nyota nne upande wa kusini. Nikacheka.

"Mama, hiyo si ni msalaba! Unatafuta Makka na msalaba?"

"Jina ni lenu. Aliyeziweka ni Mungu, ziongoze safari za watu gizani. Hatuziombi, tunaziuliza njia tu."

Tulingoja hadi zikasimama wima juu ya uzi wa timazi. Pale chini palikuwa kusini. Tukapiga kigingi, tukageuka, tukapata kaskazini. Akanyoosha mkono, akapima upana wa ngumi moja kuelekea mashariki, kama Guyo alivyomfundisha. Nikavuta uzi kufuata kibla chake. Ulikata mtaro wangu mshazari, nikaona aibu. Kisha nikaweka skwea kupata pembe mraba, nikavuta uzi wa pili hadi kaburini.

Ulienda sambamba na mawe ya kaburi, mwanzo hadi mwisho.

Mama Zena aliketi chini akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi Omolo aliibeba simu yake hatua thelathini kutoka kwenye kontena. Dira ikageuka, ikafuata uzi wetu. Kumbe chuma cha kontena ndicho kilichokuwa kikiivuta. Alichukua jembe akaanza kufukia mtaro wangu.

Mama alikuwa anaondoka kwenda kazini. Nikamuuliza, "Na kama kaburi ndilo lingekuwa limepinda?"

"Ningewaachia msingi wenu, niende kulifukua na mikono yangu."

Niliitazama ile mikono yenye makovu ya miiba, nikaamini.