Sauti ya Mke Wangu Kutoka Japani

Siku niliyoisikia sauti ya mke wangu ikitoka Japani nilikuwa kwenye karakana yangu Jeppestown, mjini Johannesburg, nimevaa visikizi, na watu mia na kidogo walikuwa wananitazama.

Nieleze kwanza kwa nini walikuwa wananitazama. Kazi yangu ni kutengeneza televisheni, simu na mashine za gemu. Nilitoka Tanga nikiwa kijana, na ujuzi niliokuja nao Johannesburg ulikuwa huo huo wa bisibisi na waya. Ila nina chaneli ndogo mtandaoni, na huko ninaeleza kwa Kiswahili habari za gemu za Kijapani: ipi inatoka lini, nani kahamia kampuni gani, mwongozaji gani kasema nini kwenye mahojiano. Wasikilizaji wangu wako Dar, Mombasa, Lubumbashi, na wachache wako hapa hapa mjini. Hainiingizii kitu cha maana. Naipenda tu. Tangu utotoni, tulipokuwa tukijazana kwenye kibanda cha jirani kucheza kwa zamu, mimi ndiye niliyekuwa nikitaka kusoma majina ya wale Wajapani yanayopita mwishoni, na wenzangu wananigombeza kwa kuwachelewesha.

Mchana huo kampuni moja kubwa ya Kijapani ilikuwa inatangaza gemu zake mpya. Kwao ilikuwa usiku, kwetu saa nane. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja: kazi mpya ya mwongozaji mmoja mzee ambaye hakuwa ametoa gemu kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeufuatilia uvumi wake wote, na dakika chache kabla ya tangazo niliwaambia wasikilizaji, kwa majigambo kabisa, kwamba hakitatangazwa kitu leo ambacho mimi sijakinusa.

Skrini ikawa nyeusi. Ukasikika moto ukilia kwenye kuni, kisha kijiko kikikwaruza sufuria. Halafu sauti ya mwanamke, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ikasema kwa Kiswahili:

"Weye mtoto, unatokea wapi na miguu ya majivu? Ikala. Kula kwanza. Vita itakungojea."

Picha ikafunguka. Bibi kizee alikuwa ameketi kando ya lango la mawe, mlima unafuka moshi nyuma yake. Uso haukuwa wa mtu ninayemjua. Lakini mdomo ulipofunguka tena, alikuwa mke wangu. Ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, ile "weye" anayoivuta kidogo anapomkaripia mtu anayempenda. Nimeisikia kila asubuhi kwa miaka tisa.

Maoni yalikuwa yanashuka kwa kasi. Kiswahili! Jamani, ni Kiswahili! Wajapani wameweka Kiswahili! Mmoja aliuliza, kaka mbona kimya? Mwishowe nikasema, "Jamani, umeme umekatika," na kuzima matangazo, wakati taa ya dari ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu na wote wanaiona.

Nilifunga karakana nikaenda Berea, mtaani kwetu, kwa miguu. Sikumbuki sehemu kubwa ya njia. Nakumbuka nilivuka robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu, na dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akanitukana kwa Kizulu, nami nikamwitikia, "Sharp, sharp," kana kwamba kanisalimia.

Mke wangu ni mtu wa Bukavu, Kongo, kando ya ziwa. Anasuka nywele kwenye saluni moja ghorofa ya chini, si mbali na fleti yetu, amekodi kiti pale pamoja na akina mama wengine wa Kongo. Nilipoingia alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, rasta zimemning'inia begani. Alinitazama mara moja tu usoni.

"Umeshasikia," alisema.

Akamwomba mwenzake ampokee kile kichwa, tukatoka kwenye ngazi za nyuma, panapoanikwa taulo.

"Ni wewe?"

"Njo miye."

"Tangu lini?"

"Miaka mbili na nusu."

Nilikaa kwenye ngazi. "Ulikuwa unarekodi saa ngapi? Uko saluni kila siku, isipokuwa Alhamisi unapokwenda Sandton kumsuka yule Mkenya wa benki."

Akaanza kukunja taulo moja.

"Yule Mkenya," nikasema.

"Hakunaka Mkenya, sheri wangu."

"Nilimtumia visheti! Visheti vilivyotoka Tanga!"

"Fundi wa sauti njo alivikula. Alivipenda sana. Aliuliza kama biko bingine."

Leo tunacheka tukikumbuka. Siku ile sikucheka hata kidogo. Nilihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kuna chumba cha ziada ndani, kina fanicha na pazia, na mwenzake amekuwa akikaa humo. Nilimuuliza alishindwaje kuniambia jambo kama lile, mimi, mtu ambaye kama angenieleza tu kwamba amesikia jina la mwongozaji yule ningemsikiliza usiku kucha.

"Nilisaini karatasi. Hata bwana, hata mchungaji, hata mama. Walisema gemu ikijulikana mbele ya wakati, kazi ya batu bengi inaharibika. Na weye uko na chaneli. Kazi yako ni kusema." Alisema hivyo kwa upole, bila kunilaumu, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Alikuwa amenipima, akaona sitaweza.

Akanieleza ilivyoanza. Mteja wake mmoja alikuwa anafanya kazi kwenye studio ya sauti Sandton, ya matangazo ya redio na filamu. Studio ilikuwa imeombwa na Wajapani itafute wasemaji wa Kiswahili. Siku hiyo mke wangu alikuwa anabishana na mwenzake wa Burundi kuhusu bei ya mihogo, na yule mteja akageuza kichwa kilichosukwa nusu akamsikiliza. Wiki iliyofuata akapelekwa kujaribiwa. Walikuwa wamejaribiwa watu kadhaa, wa Dar, wa Mombasa, hata mtu mmoja wa Tanga.

"Wa Tanga?" nikauliza.

"Wa Tanga. Alisema muzuri sana, kama habari ya redio. Ule mzee wa Japani alikuwa mu skrini, anafunga macho, anasikiliza. Akamuambia mkalimani wake: hapana. Njo miye nikaingia. Akaniambia niseme namna tunasemaka kwetu, nisibadilishe kitu."

Hapo ndipo aibu iliponikuta. Kwa miaka tisa nilikuwa nikimsahihisha mke wangu. Mgeni akija, yeye akimwambia "ikala," mimi nadakia, "Anasema kaa, karibu ukae," na wageni wanacheka, naye anacheka pia. Nilidhani tunacheka pamoja. Mwongozaji niliyemheshimu kuliko wote alikuwa amefumba macho huko kwao, akakisikiliza Kiswahili nilichokuwa nakinyoosha, na akaona ndicho alichokuwa anakitafuta.

"Unanikasirikia?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema. Ndiyo, nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa pia na fahari ya ajabu, na woga kidogo, kama vile nimetambulishwa kwa mtu mgeni.

Miezi iliyofuata nilibeba siri ile kama yai. Kwenye chaneli kila mtu alitaka kuzungumzia bibi wa langoni. Wengi walimpenda. Wengine waliandika kwamba hicho si Kiswahili, Wajapani wamedanganywa, wangewaita wenye lugha. Mmoja aliandika maneno ambayo zamani ningeyaandika mimi, nikayasoma hewani, kisha nikatumia nusu saa nzima kueleza kwamba bibi yule anasema kama watu wa ziwani wanavyosema, na kwamba mwenye lugha ni yule anayeitumia kumlisha mtoto wake. Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Tangu hapo akaanza kunisahihisha yeye. Nikisema "nimekaa," ananiambia, "Apana, umeikala."

Baada ya mwaka na miezi kadhaa ikaja habari ya pili.

Ilikuwa asubuhi, nimefungua mashine ya mteja, vumbi limejaa feni. Simu ikaanza kuita mfululizo, wasikilizaji wananitumia kiungo kimoja. Ilikuwa taarifa ya kampuni, fupi, haikufika hata nusu ukurasa. Utengenezaji wa gemu umesitishwa. Mwongozaji anaondoka kwenye kampuni kwa makubaliano. Timu itagawanywa kwenye miradi mingine. Wanaomba radhi kwa waliokuwa wanaisubiri.

Niliisoma mara nne. Habari za namna hii nimezisoma hewani mara nyingi, kwa sauti ya uchangamfu, dakika moja, kisha nasema tuendelee na nyingine. Asubuhi ile nilishindwa hata kuinuka kwenye kigoda. Nilifikiria kumficha hadi Jumapili. Halafu nikajiona nilivyo, namfanyia kile kile nilichomlaumia, nikafunga mlango nikaenda.

Nilimkuta anakula fufu na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli, kwenye kiti cha wateja, wenzake wako karibu.

"Wameisimamisha," nikamwambia.

"Wamesimamisha nini?"

"Gemu. Haitatoka tena. Mzee ameondoka."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. "Lakini nilimaliza," alisema. "Nilimaliza yote. Mpaka ile ya mwisho."

"Najua."

"Hapana, haujue. Nilimaliza. Mzee alisimama, akainama mara tatu mu skrini. Wote kule walisimama."

Nikajaribu kumweleza kwamba ndivyo ilivyo, gemu inaweza kutengenezwa miaka na miaka kisha wakubwa wakakaa mezani wakaifuta, na kwamba si kosa la mtu aliyeifanya. Alikuwa hanisikilizi.

"Na sauti yangu iko wapi sasa?"

"Kwenye kompyuta zao."

"Bataifuta?"

"Sijui, mke wangu. Kweli sijui."

Akaweka bakuli chini. Wenzake walikuwa wameacha kusuka. Na pale, mbele yao wote, akasema jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Nilijua alikimbia vita akiwa msichana. Nilijua mama yake hakuonekana tena. Sikujua zaidi, kwa sababu kila nilipouliza alibadilisha mazungumzo.

"Ile siku tulikimbia," alisema, "miye nilikuwa mu mlango, natetemeka, risasi zinasikika mu barabara. Mama alikuwa anapakua maharage. Akaniambia, ikala, kula kwanza, vita itakungojea. Tukaikala, tukakula. Kisha akatusukuma inje na wadogo zangu, akasema anafunga nyumba, anakuja. Hakuyaga, mpaka leo." Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Ule mzee aliniuliza, mama yako angesema nini hapa? Maneno yao yalikuwa mengine. Akayatosha mu karatasi, akaweka ya mama. Nikamufanya mama anasema gemu yote. Masaa na masaa. Nilifikiri, hata kama nikikufa, mama atakuwa anasema pahali."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha pili alianza kulia, hata hajui gemu ni kitu gani. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika funguo za karakana, sijui niziweke wapi.

Jioni nilitangaza habari ile kwenye chaneli kwa sentensi tatu, nikazima. Siku zilizofuata mke wangu alikuwa anafanya kazi kama kawaida, anaongea kama kawaida, lakini akitoka kazini anakaa kitandani na viatu miguuni.

Jumapili alirudi kutoka kanisani mchana. Mimi nilikuwa nimeswali adhuhuri, nimekaa mezani jikoni. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nakiogopa kukiuliza.

"Bibi wa langoni aliishia vipi?"

"Karatasi inakataza."

"Bado?"

"Haikusema mwisho wake ni lini."

Akatazama dirishani, kwenye maghorofa ya Hillbrow na nguo zilizoanikwa kila mahali. Kisha akanyoosha mkono. "Leta simu." Nikampa. Akaizima, akaifungia kwenye droo ya vijiko. Akavua viatu, akasimama kati ya jiko na meza, akiwa bado na gauni lake la kanisani.

Akaanza tangu langoni. Alikuwa anazikumbuka zote, kila sentensi, hata zile walizomrudisha arekodi mara kumi. Aliponieleza kwamba hapa mchezaji anapanda mlima, alitumia sauti yake. Bibi aliposema, jikoni akaingia mtu mwingine. Mgongo ulipinda. Mikono ilizeeka. Nimecheza gemu maisha yangu yote na sijawahi kuogopa kwa ajili ya mtu yeyote ndani yake kama nilivyoogopa pale, kwenye kiti changu cha plastiki, nikimtazama mwanamke niliyedhani namjua. Mwisho wenyewe siuandiki hapa. Alisaini karatasi, na safari hii nimeamua nitaweza. Nitasema tu kwamba alipofika sentensi ya mwisho alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia kwa sauti kubwa, nami nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mlango ukagongwa, nikaufungua. Alikuwa jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa Kizulu, ana mwiko mkononi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwangu, makali.

"Eish, kuna nini humu?" aliuliza kwa Kiingereza. "Nani anaumizwa?"

Mke wangu akainuka, akapangusa uso kwa kiganja, akanyoosha gauni lake.

"Hakuna, mama," alimjibu. "Nilikuwa kazini."