Mashallah Iliyochelewa

Kocha wangu alikuwa mwanamke wa Kitaliana. Enzi zake aliruka juu mpaka kifundo cha mguu kikamkatalia, akageukia kufundisha. Akazunguka nchi hii na ile, mwisho akaangukia Maskati, kutufundisha sisi wasichana kuruka upau kwa mgongo. Uwanjani hakuwa na tabu. Tabu yake ilikuwa kwamba sote tuna familia.

Mwaka ule alinichagua mimi kwenda mashindano nje ya nchi. Sijapata kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile. Ilibaki ruhusa ya nyumbani tu, basi akaja mwenyewe kwetu Bawshar na boksi la keki. Baba alishalegea. Bibi, mzaliwa wa Unguja, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwetu, alimpenda. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa. Laiti angeaga pale pale!

Lakini alisimama, akanyanyua mkono juu ya kichwa changu, na kwa Kiarabu chake cha kuungaunga akasema naruka kuliko msichana yeyote aliyewahi kumfundisha, na miguu yangu haina mfano. Miguu! Akaishia hapo.

Sote tukamngoja amalizie. Yeye akatabasamu, akidhani tumefurahi.

"Mwambie aseme mashallah," bibi akaniambia. "Nna mjukuu mmoja tu wa kike mie."

Nikamwambia, akasema, lakini kwa bibi jicho baya lilikuwa limeshanipata. Jioni ile nilifukizwa ubani mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake mazoezini nikateleza, nikateguka kifundo cha mguu. Kidogo tu, na kilipona kabla ya safari! Bibi hakutaka kusikia, na baba habishani na mama yake. Nikalia, nikasusa kula, nikawanunia wote. Wakanibembeleza kama mgonjwa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Akaenda mwenzangu. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani: bibi aliyenipenda mno, au kocha aliyenisifu mno.

Kocha bado yupo, na amejifunza. Nikipita uwanjani namsikia. Msichana akianza tu kuukimbilia upau, yeye hupaza sauti, "Mashallah! Mashallah!" kabla hata mtu hajaruka. Wasichana wanacheka. Mimi sicheki.