Shangazi wa Ziada Hamugembe

Nilimpeleka shangazi kwenye harusi ya watu nisiowajua, nikamkalisha mstari wa mbele, na mimi mwenyewe nikatafuna kahawa ya wenyewe kabla sijagundua kitu. Afadhali niseme mapema, maana hapa Muleba hadithi hii kila anayeisimulia ananiongezea kosa. Mmoja anasema nilicheza muziki. Sikucheza. Nilitingisha kichwa tu.

Harusi yetu ilikuwa ya binti wa baba mdogo, anayekaa Bakoba, Bukoba mjini. Huyu binti alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana, shangazi akamlea kwake huku Muleba mpaka akamaliza shule. Kwa hiyo siku ya kuolewa alitoa sharti moja tu: hatoki chumbani mpaka shangazi amshike mkono. Na kwetu ndivyo ilivyo, shangazi ndiye anayemtoa binti, baba anabaki kwenye kiti anajikohoza. Wakwe walikuwa wanakuja kumchukua asubuhi wampeleke kanisani, na mchungaji alikuwa na ndoa nyingine nyuma ya hiyo. Hakuna kuchelewa. Kazi ya kumleta shangazi nikapewa mimi, kwa sababu nina Probox. Sababu nyingine sijawahi kuisikia.

Baba mdogo alinielekeza kwa simu. "Ukifika mzunguko wa Rwamishenye, teremka na barabara ya mjini. Ukiingia Bakoba utaona migomba imesimikwa pande mbili za njia. Hapo ndipo."

Nikaona rahisi. Migomba iliyokatwa ikasimikwa njiani na majani yake, hiyo haihitaji kadi, hapo kuna harusi. Ni alama ninayoisoma vizuri kuliko zote. Hizi za serikali ndizo zinanisumbua. Shule niliishia kidato cha pili, na alama za barabarani nilifundishwa kwenye bango lililopigwa jua mpaka nyekundu na bluu zote zikawa rangi ya chai. Huku vijijini hainisumbui. Ukikuta matawi yametupwa barabarani, ujue mbele kuna lori limekufa. Hata mbuzi anaelewa.

Tuliondoka alfajiri, mikungu ya ndizi imefungwa juu ya gari, shangazi kiti cha mbele amekumbatia mkoba wake. Tulipopita Kemondo vibao vikaanza kuwa vingi, na mimi nikiona kibao lazima nijue kinasema nini. Kulikuwa na kimoja cha duara chenye mishale miwili, mmoja mwekundu unapanda, mwingine mweusi unashuka.

"Shangazi, hawa wanafanya nini?"

Akakitazama. "Mmoja amekasirika."

"Sasa mimi ni yupi?"

"Wewe umewahi kukasirika? Wewe ni huyo mweusi. Mpishe mwenzako."

Nikasimama nikampisha mwenye lori aliyekuwa anakuja. Akaniinulia mkono. Mpaka leo najiuliza kama ndiyo maana yake au lile lori lilikuwa na adabu tu.

Rwamishenye ndiko mambo yalikoharibika. Barabara ilikuwa inatengenezwa, ni Jumamosi, na magari yote ya mkoa huu yalikuwa yamekubaliana kukutana pale. Malori, mabasi, bodaboda zinapita katikati kama maji kwenye vidole. Na vibao! Kile cha zamani kinasema mjini moja kwa moja. Kipya kimewekwa mbele yake kinasema kushoto. Cha tatu kimegongwa, kimelala, mshale wake unaelekeza ardhini. Nilizunguka ule mzunguko mara ya kwanza nasoma, nikazunguka tena nahakikisha, halafu nikaendelea kuzunguka kwa sababu hakuna aliyenipa nafasi ya kutoka.

Mwishowe nikasimama mbele ya yule mwenye bendera wa ujenzi, nikashusha kioo.

"Kaka, pole na kazi. Huu mshale unakwenda wapi?"

"Kushoto."

"Mbona umechorwa unakwenda juu?"

"Juu ndiyo mbele."

"Na mbele pamefungwa?"

"Ndiyo, pamefungwa."

"Sasa kwa nini hamkuuchora umelala?"

Akanitazama kwa huruma. Nyuma yangu honi zikalia mpaka mtu mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mzee wa Muleba! Sogeza hilo shamba lako!"

"Umejuaje natoka Muleba?"

"Waitu, ndugu yangu, sogea!"

Nikakata kushoto. Wenzangu wote walikuwa wanakata kushoto, nikawafuata kama ng'ombe wa nyuma. Tukaingia vinjia vya vumbi, nyumba na migomba, migomba na nyumba, foleni haisogei. Shangazi akaanza kuangalia jua. Nilipoona migomba iliyosimikwa pande mbili za njia, maturubai ndani na muziki unapiga, moyo ukatulia. Nilijua kabisa tuko Bakoba. Tulikuwa Hamugembe.

Walitupokea, jamani! Kina mama wakampokea shangazi mkoba, vijana wakapanda juu ya gari wakashusha mikungu wakapeleka jikoni. Bibi mwenye mvi amevaa kitenge kipya, ametoka mbali kaleta ndizi, nani atamuuliza wewe ni wa nani? Wakamkalisha mbele. Tukaletewa kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkaribishia mgeni. Sura sikuzijua, lakini nikajiambia hawa ni wakwe, wetu wako ndani na binti.

Simu ikaita. Baba mdogo. Muziki juu.

"Mko wapi?"

"Tumefika! Tumekaa mbele kabisa!"

"Mbele wapi? Sikuoni!"

"Simama utatuona!"

Kumbe kule Bakoba mzee wa watu alisimama kweli, akaanza kutembea kati ya viti vya wakwe akitafuta uso wangu.

Huku msemaji akashika kipaza sauti. "Sasa naomba shangazi wa bibi harusi asimame, aende kumtoa mtoto."

Shangazi akasimama. Upande wa pili, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano naye akasimama. Wakatazamana.

"Kaa, mama," akasema yule wa kilemba, kwa upole. "Ameitwa shangazi."

"Ndiye mimi. Mtoto ni wa mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi?"

Shangazi akageuka kumtafuta mdogo wake. Kwenye kiti cha baba alikaa mwanaume mrefu mwenye miwani, mgeni kwetu kama mfalme wa Uingereza. Shangazi akamwangalia yule, halafu pole pole akaniangalia mimi. Nikaacha kutafuna.

"Wewe," akasema, "hapa ni wapi?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Msemaji naye hakulala: "Jamani, Hamugembe tumepata shangazi wa ziada! Mwenye upungufu ajitokeze!"

Lakini shangazi hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mtoto wangu ananisubiri," akamwambia yule mama wa kilemba. Yule mama ndiye aliyetuokoa. Alimwita mpwa wake mwenye pikipiki, akamwamuru atutangulie mpaka Bakoba, halafu akamshika shangazi mkono akamsindikiza mpaka garini, harusi yake mwenyewe imesimama. Ndizi sikuzidai. Walishaanza kumenya.

Yule mwenye pikipiki alitupitisha uani kwa watu, kwenye kamba za nguo, mahali ambapo hakuna kibao hata kimoja. Tulipofika, wakwe walikuwa wamesimama wanaangalia saa, baba mdogo amelowa jasho, na mlango wa chumba umefungwa kwa ndani. Walishambembeleza binti, wakamtumia mama mwingine badala ya shangazi, akakataa. Shangazi hakumsalimia mtu. Akagonga, akasema kitu kwa Kihaya, kidogo tu. Mlango ukafunguka. Wakatoka wameshikana mikono, binti analia na kucheka, na shangazi njia nzima anamsimulia sikioni. Nikajua anasimulia habari zangu, kwa sababu binti alipofika kwangu alishindwa kutembea kwa kicheko.

Kanisani wakawahi. Mchungaji alikuwa amebanwa na foleni ileile.

Jumatatu kijiweni nikamsimulia rafiki yangu, dereva mwenzangu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza bila kucheka, jambo lililonitisha. Halafu akafungua droo ya gari lake, akatoa kadi ya harusi ya binti yake, akanipa.

"Kuja njoo," akasema. "Ila shangazi wa binti nitamfuata mwenyewe."