Mwaisha na Kidonge cha Futari

Mwaisha wa Kinole, mkulima wa ndizi na pilipili manga, si mtu wa makelele. Lakini siku muuguzi Irene wa kliniki alipomwambia Mikidadi, mume wa Mwaisha, kwamba virusi vya UKIMWI vimepanda mwilini mwake kwa sababu anaruka dawa, Mwaisha alijiona kama kapigwa kofi yeye. Kidonge kile alikuwa akimpa kwa mkono wake mwenyewe tangu siku ya kwanza.

"Ramadhani huwaangusha wengi, mzee," Irene alisema kwa upole. "Mtu kafunga, dawa anaisahau."

"Binti yangu," Mwaisha akadakia, "kwangu futari haiguswi kabla ya kidonge. Muulize huyu."

"Mimi nina sauti gani?" Mikidadi akasema. "Hata tende sipewi mpaka nifungue mdomo akague kama nimemeza."

Irene alicheka, ila utaratibu ni utaratibu. Wakarudishwa kwenye mafunzo ya kumeza dawa, kisha apimwe upya. Miezi ile ilikuwa michungu. Mikidadi alizidi kukonda, na wifi yake Mwaisha, Yasmin, akaanza kunong'ona kwamba mke kamchoka kaka yake, hampi dawa.

Kipimo cha pili kikaja vilevile. Safari hii daktari akaagiza damu ipelekwe Dar es Salaam, virusi vyenyewe vichunguzwe.

Majibu yaliporudi aliwaeleza taratibu. Virusi vya UKIMWI vina koo zake kama watu, na vinasaba vya kila ukoo vinatofautiana kidogo. Mikidadi alikuwa na ukoo uitwao C. Huo, kwa jinsi ulivyoundwa, hubadilika kwa wepesi zaidi mahali fulani, na pakishabadilika, dawa aliyokuwa akimeza hupungua makali. Labda aliambukizwa virusi vilivyokwisha badilika, labda vilibadilikia mwilini mwake. Hilo daktari hakuweza kulijua. Atapewa dawa nyingine, nayo isirukwe hata siku moja.

"Kwa hiyo hakuruka?" Mwaisha akauliza.

"Sina sababu ya kusema aliruka, mama. Ulimtunza vizuri."

Irene, aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Yamekwisha, mwanangu."

Nje, Mikidadi akaelekea kwenye gari la kurudi nyumbani. Mwaisha akamshika mkono.

"Kwanza twende kwa dada yako. Aliyosema daktari, ukamwambie kwa mdomo wako, mimi nimekaa hapo hapo."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Akajifunga khanga upya, akatangulia, kichwa juu.